Mhariri, sisi wa sikoseli tuna na siku za kawaida

Ndugu Mhariri, salaam.

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Tanga, gazeti nalipata jioni kwa jirani yangu mwenye duka akishamaliza kulisoma, kwa hiyo nisamehe kama barua yangu inajibu kitu ambacho nyie mmeshakisahau. Naandika kuhusu ile habari ya selimundu mliyoitoa mwezi wa sita. Kila ikikaribia tarehe 19 Juni, siku ya ugonjwa huu duniani, magazeti yote yanatukumbuka, na safari hii na nyie mkaweka picha ya mtoto kalala kitandani na dripu mkononi, mama yake kainama pembeni analia, na chini yake ile hesabu kwamba kila mwaka hapa nchini wanakadiriwa kuzaliwa watoto 11,000 wenye ugonjwa huu. Hesabu sina ugomvi nayo, na picha ni ya kweli kabisa, mimi mwenyewe vitanda vile nimevilalia mpaka nimepoteza idadi. Nina miaka 36 na nimezaliwa nao. Sisi wenyewe tunasema sikoseli, hilo la selimundu tumelikuta kwenye mabango.

Kilichonifanya nikae niandike ni mama mmoja wa hapa hapa Ngamiani, mtaa wa nyuma yetu. Binti yake wa miaka sita alipimwa mwaka huu akakutwa nao, basi jioni moja akaja kwangu na gazeti lenu kalikunja kwapani, mi ni fundi cherehani na ndo nilikuwa nishone sare ya huyo mtoto ya darasa la kwanza. Akaniambia, dada, kile kitambaa nirudishie tu, au kama kuna mtu anakihitaji muuzie, hela yenyewe bora nimnunulie mwanangu vitu anavyopenda ale, shule ya nini sasa. Akanifungulia ile picha. Na muda wote huo mtoto mwenyewe alikuwa chini ya meza yangu anaokota vifungo anavipanga kwa rangi, vyekundu huku, vyeupe huku, anaimba. Mama mtu hamwoni huyu anayeimba, anamwona yule wa kwenye picha.

Mhariri, mi sikulala usiku ule. Nikawa napiga hesabu. Mimi kwa mwaka mzima nashikwa mara tatu au nne, yaani ile mifupa ikikamata kweli kweli, na kila nikishikwa ni kama wiki moja mpaka nisimame tena. Kliniki naenda mara moja kwa mwezi. Ongeza na zile siku ambazo siumwi lakini nimechoka tu mpaka kuinua kikombe ni kazi. Ukitoa zote hizo bado zinabaki siku 300. Nyie waandishi mnatujia siku zile nyingine, hizi 300 hakuna aliyewahi kuniuliza nazifanyia nini, na yule mama hajui kama zipo. Basi ngoja niwaambie.

Naanza na maji kwasababu kwetu sisi maji ndo kila kitu. Chembe zetu za damu badala ya kuwa duara zinapinda kama mundu, ndo jina lilikotoka, zinakuwa ngumu zinanasa kwenye mishipa midogo, na mwili ukikauka zinapinda zaidi. Kwa hiyo tangu mdogo daktari kasema ninywe maji mengi, sa hivi nikiwa mtu mzima naambiwa lita tatu kwa siku. Mtoto anaeambiwa kunywa maji kama dawa anayachukia, mi niliyachukia sana, nilikuwa namwaga dirishani. Bibi yangu ndo aliniponya na hilo. Alikuwa na mtungi kauweka kwenye kona ya ukumbi juu ya mchanga, na kabla ya kuujaza anaufukiza ubani, anaugeuza juu ya chetezo mpaka moshi unaingia ndani, halafu ndo anatia maji. Asubuhi unachota kwa kata maji yana ubaridi wa udongo, sio ule wa friji unaoniumiza meno na mifupa, na yana harufu ya sikukuu. Bibi hayupo siku nyingi lakini mtungi ninao, ule wake niliuvunja nikanunua mwingine, na kikombe changu cha kwanza kila asubuhi nakunywa nimekaa barazani kwenye jua la saa moja, kabla cherehani hazijaanza kupiga kelele. Dakika kumi zile simpi mtu. Nyonga yangu ya kushoto mfupa wake ulikufa kichwani zamani, damu haikufika, kwa hiyo asubuhi inakakamaa, na pale barazani na jua na maji ya ubani naisikia inalegea taratibu.

Na hayo maji yana shida yake ambayo watu hawaisemi kwa aibu. Figo zetu haziwezi kubana maji kama za wenzetu, kwa hiyo usiku naamka mara tatu mara nne, na nilikojoa kitandani mpaka nina miaka 13, nikachapwa sana kwa kosa ambalo halikuwa langu. Wazazi mnaosoma hapa naombeni msiwachape. Na safarini nilikuwa siku ya kwenda Dar sinywi tone kwasababu naogopa kumuomba konda asimamishe basi tukachimbe dawa, na mara mbili nimefika Dar nimeshashikwa, nimeshuka nabebwa. Sa hivi nakaa siti ya mbele, namwambia dereva kabla hatujatoka stendi kwamba mi mgonjwa nitamsumbua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunikatalia. Nanunua na machungwa, kama ni msimu wa machungwa ya Muheza basi ndo raha yenyewe, yule kijana anakumenyea ganda lote linatoka utepe mmoja, anakata juu unafyonza huku minazi na mikonge inapita dirishani. Naipenda ile safari mpaka nakuwa na kiherehere usiku wa kuamkia.

Nimesema ubaridi. Ubaridi ni adui yangu, naujua. Mwaka fulani nilipanda Lushoto kwenye harusi ya binamu mwezi wa saba, nikajiona mzima nikavaa dera jepesi kama nipo pwani, na kule juu baridi ya usiku mnaijua wenyewe, usiku wa pili nikashushwa nimefungwa blanketi napiga kelele njia nzima. Kwa hiyo kipindi cha kusi mi natembea na soksi na sweta hapa hapa Tanga, watu wananishangaa, wazoee. Lakini kaskazi ikiingia, ee Mhariri! Nasubiri siku ambayo maji yanajaa saa tisa saa kumi mchana. Ule mchanga wa Raskazone unakuwa umeota jua tangu asubuhi, maji yanapopanda juu yake taratibu yanapata moto, yanakuwa ya uvuguvugu kama ya kumuogeshea mtoto. Naingia na khanga yangu mpaka magotini, halafu kiunoni, halafu nakaa kabisa. Mwili wangu ambao nchi kavu kila kiungo kina lake, mle ndani ni mwepesi, nyonga haipo, nakuwa kama sina uzito. Nakaa mpaka vidole vinanyauka, nikitoka najikausha haraka navaa kavu, sikai na nguo mbichi kwenye upepo hata dakika moja. Hiyo ni raha yangu ya kwanza duniani na hainigharimu isipokuwa nauli ya bodaboda.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi ugonjwa ni mzuri. Kaka yangu alikufa nao ana miaka mitatu, homa ya usiku mmoja tu, jioni alikuwa anacheza alfajiri hayupo, na jina la ugonjwa hatukulijua, watu wakasema mengi na lawama zote akabebeshwa mama. Siku hizi watoto wadogo wanapewa penisilini kila siku mpaka wafike miaka mitano maana bandama zetu zinaharibika mapema na homa ndogo inaua haraka, angekuwa amezaliwa sasa pengine angekuwa hapa. Na mama hakuwa na kosa lake peke yake, huu unatoka kwa baba na mama wote wawili, kila mmoja kabeba nusu na hajijui, na kila mimba mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata. Kila mimba, sio kwamba mmoja akishaupata wengine watatu wamesalimika, wengi wanaelewa hivyo na inawaumiza.

Na maumivu sitaki hata kuyaeleza. Kuna hospitali moja muuguzi aliwahi kumwambia mwenzake mbele yangu kwamba huyu keshazoea sindano, anajifanya. Nilikuwa naskia kila neno. Sitasema zaidi ya hapo.

Lakini nitawaambia asubuhi inayofuata maumivu yakiisha, kwasababu hiyo sijawahi kuisoma popote. Unaamka unangoja yaanze, hayaanzi. Unakunja goti, linakunjika. Unakaa. Halafu unajifunga khanga mwenyewe, Mhariri, kufunga khanga tu, wiki nzima ulikuwa unafungwa na dada yako kama maiti, leo unalikaza pindo mwenyewe kifuani. Nje mtu anakuna nazi, unaisikia mbuzi inavyokwaruza, harufu ya vitumbua inaingia, na chai ya kwanza, yaani chai ile ya mkandaa tu yenye iliki haina hata maziwa, ladha yake siwezi kukuelezea. Mtu asiyeumwa hiyo chai hajawahi kuinywa. Nikiwa kitandani naumia nalia nakuwa naifikiria hiyo asubuhi, naijua ipo, nimeshaipata mara nyingi, ndo inayonivusha.

Na kliniki nayo, mnadhani ni mahali pa vilio. Lile benchi letu ni kama baraza! Wenyewe kwa wenyewe tumezoeana miaka, macho ya njano wote, kwasababu chembe ya damu ya mtu asiye na sikoseli inaishi siku 120 na zetu zinaishi kumi mpaka ishirini tu, zikivunjika ndo ile njano, basi anayekuja macho meupe siku hiyo tunampongeza kama kafunga harusi. Mmoja analeta mihogo ya kukaanga na chachandu kwenye bakuli, mwingine anasoma chuo anatuhadithia, kuna mzee wetu ana miaka 50 na kitu, sisi tukimwona tu tunafurahi, hana haja ya kusema neno. Mimi pale ndo nilipata ujasiri wa kuanza dawa ya haidroksiyurea, maana niliogopa jina, mwenzangu akanieleza kwa lugha nyepesi kwamba inauamsha mwili utengeneze ile damu ya kichanga ambayo haipindi. Tangu niianze kushikwa kumepungua sana, zamani ilikuwa karibu kila mwezi. Ila bei yake inauma na kuna miezi haipatikani, hapo ndo ningependa mngepiga kelele nyie wenye kalamu.

Habari za kupandikiza uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, pale hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma nazo nimezisoma tangu mwaka 2023 na nimelia kwa furaha kwa wale watoto. Lakini inataka ndugu anayelingana na wewe, na sio kila mtu atafikiwa. Sisi wengine wengi tutaishi humu humu kwenye mifupa yetu. Mkituandika tukiwa mahututi, halafu mkatuandika tumepona kabisa, huyu aliyekaa katikati miaka 36 anashona nguo za watu, anadai madeni, anachelewa kuoga kwasababu maji hayajachemka, mama yule atamwona wapi?

Nilimrudisha siku ya pili, nikamkalisha barazani. Sikumhubiria. Nilimchotea maji ya mtungi na mtoto wake nikamchotea, mtoto akanywa akauliza mbona yananukia, akaomba tena, akaomba tena, vikombe vitatu, na mama yake wiki nzima alikuwa anagombana nae juu ya maji. Akacheka yule mama. Ndo nikamuuliza, kitambaa nikirudishe? Akasema hebu kwanza. Kesho yake akamleta nimpime.

Kwa hiyo ombi langu ni hilo, mwakani mwezi wa sita mkitaka picha njooni Tanga. Msije asubuhi ya wodini, njooni siku ya kawaida, nitawapa na maji. Sasa naishia hapa, sweta la shule nimeshaliwekea bitana ndani na imebaki kushona mfuko wa chupa ya maji pembeni ya begi, anautaka mwekundu na mama yake kanipigia simu mara mbili leo kuuliza kama utakuwa tayari Jumatatu.

Wenu msomaji,
Fundi cherehani, Ngamiani, Tanga