Barua kwa Mwanaidi: mkwamba wangu dume

Kigamboni,
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na shemeji umfikishie zake. Huku hatujambo, ila magoti ya mama tu.

Ucheke kwanza ndipo uendelee kusoma: ule mkwamba wangu, kichaka changu cha matunda meupe, ni dume! Miaka minne nauchotea maji kiangazi chote, umeshafika dirishani, na tunda silioni hata la dawa. Maua unatoa, madogo kama punje za ulezi, yamejazana penye kila kikonyo cha jani, nyuki hawabanduki. Kisha yanapukutika yote. Juzi mzee anayeniletea mkaa akausimamia, akapekua matawi, akasema, "Mwanangu, huu kama mpapai. Dume halizai." Kumbe mikwamba ina dume na jike! Sisi miaka yote ile tulijua tu kuna vichaka vya choyo.

Kosa langu nimeshaliona. Nilikata kijiti kando ya njia wakati wa kiangazi, hakuna kichaka chenye tunda, nikachomeka cha kwanza kilichonijia mkononi. Na kijiti cha dume kikiota huwa dume.

Basi nakuomba. Kile kichaka cha nyuma ya dungu, tulipokuwa tukiwinga ndege kwenye mpunga wa bibi yako, bado kipo? Au babu zenu wamekimaliza kwa kusukia madema ya samaki? Nakumbuka tulivyojaza pembe ya kanga matunda yake, kwamba nyeupe pee, kila moja kama punje ya pilipili manga. Ukiibana kwa ulimi inapasuka, utamu kwanza, ukakasi baadaye. Na siku ile mwalimu alipouliza "kwamba" ni neno la aina gani, ukajibu, "Tunda, mwalimu, jeupe." Darasa zima likaanguka kicheko.

Subiri matunda yaive ndipo ukate, usije ukanipa dume la pili. Fito mbili za unene wa kidole zinatosha, toka tawi lenye kwamba, uzifunge kwa gunia bichi umpe kondakta wa basi la asubuhi. Angalia miiba ya nchani, mimi kovu ninalo mpaka leo. Pesa ya kondakta nitamtumia kwa simu.

Huyu wangu simng'oi. Mke akija atamtaka mume, la sivyo naye hatazaa.

Wako,
Zuhura