Barua kwa vijana wanaochora kwa wino, Mji wa Kale

Vijana wangu, assalaam alaykum.

Nimekusudia kuwaandikia tangu siku ile mmoja wenu aliponionyesha kwenye simu picha ya jahazi iliyofanana kabisa na mchoro wa wino, weusi umekolea ubavuni mwa chombo na ukungu umefifia kuelekea upeo wa bahari. Niliisifu. Kisha nikamuuliza foromali, ule mti unaobeba tanga, imefungwa wapi, naye akaikuza picha, akaitazama, akaitazama tena, asione mahali. Foromali ilikuwa ikielea mbele ya mlingoti kama wingu. Akaniambia imetolewa na programu ya akili unde kwa muda usiofika dakika moja, na kwamba ataichapisha awauzie watalii karibu na Ngome ya Yesu kwa bei ya kazi ya mkono.

Sikumkasirikia, kwa kuwa najua kodi ya chumba haingoji wino ukauke. Lakini kuna jambo nililitaka alijue, nanyi pia.

Wino huu wa kijiti ni masizi tu, ya msonobari au ya mafuta yaliyounguzwa, yakakandwa na gundi itokayo kwa wanyama. Unausaga juu ya jiwe kwa matone machache ya maji, na kwa kiasi cha maji hayo weusi mmoja hugeuka rangi nyingi. Wachina, ambao ndio mabwana wa kazi hii, huzitaja tano. Karatasi yao ya xuan, ambayo ufundi wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2009, huunywa wino papo hapo, na mstari uliokwisha kupita haufutiki. Hapa kwetu masika yakiingia, karatasi huwa imekwisha kunywa unyevu wa hewa kabla brashi haijaigusa, na wino husambaa kuliko ulivyokusudia, kwa hiyo mkono hulazimika kuamua upya kila siku. Qi Baishi, mchoraji wa Kichina aliyezaliwa mwaka 1864 na kufariki mwaka 1957, alipata sifa kubwa kwa kuchora kamba (hawa wa majini, si zile za foromali), na aliwafuga ili awatazame wakitembea. Miguu na sharubu zao ni mistari michache, lakini kila mstari umetanguliwa na miaka ya kutazama.

Wala msidhani habari hii ni ya ugenini. Kisiwani Pate, katika mji wa Siyu, misahafu ilinakiliwa kwa mkono kwa wino mweusi na mwekundu, na iliyosalia huwashangaza wataalamu hadi leo. Mtu anayetaka kombe kwa ajili ya mgonjwa wake humwendea mwalimu aiandike kwa zafarani kwenye sahani. Sijapata kusikia aliyepeleka karatasi ya kuchapishwa. Na ndani ya Ngome yenyewe, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ipo michoro ya Wareno ukutani, ya merikebu na makanisa, iliyochorwa kwa rangi nyeusi na nyekundu. Ustadi wake si mkubwa. Ila aliyeichora merikebu ile yaelekea alikuwa amesafiri ndani yake.

Programu haijasafiri. Imefunzwa kwa picha za watu zilizokusanywa mtandaoni. Mkusanyiko mmoja tu uliotolewa mwaka 2022 una jozi za picha na maelezo zaidi ya bilioni 5. Huanza na chenga kama za televisheni isiyoshika stesheni, ikazisafisha hatua kwa hatua mpaka zifanane na ulichoomba. Kufanana ndiyo kazi yake, na huifanya vizuri. Januari 2023 baadhi ya wachoraji wa Marekani walizishtaki kampuni zenye programu hizo kwa kutumia kazi zao bila idhini. Hilo nawaachia wanasheria.

Mimi siwakatazi kuitumia. Ukiagizwa picha ya fulana au kibao cha duka, itumie upate riziki yako. Ninachowaomba ni kwamba nyuma ya kila picha muandike wazi kama ni ya mkono au ya mashine, kwa maana mnunuzi mmoja atakayegundua amedanganywa atatushuku sote, hata yule aliyeharibu karatasi ishirini kupata tanga moja. Karatasi hizo zilizoharibika msizitupe. Mwekeeni mnunuzi mezani, azipekue, aone mkono ulipokosea na ulipojirekebisha. Baada ya hapo bei haitahitaji maneno mengi. Na msijifunzie chombo kwenye picha ya mashine ilhali Bandari ya Kale iko hatua chache kutoka milangoni mwenu.

Wiki hii kuna jahazi limetia nanga pale. Aliyenionyesha ile picha aje barazani kwangu baada ya alasiri na karatasi zake, twende tukaitazame hiyo foromali.

Mzee wenu,
Mji wa Kale, Mombasa