Furaha, usimpe koko hizo kapsuli

Furaha mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia nikiwa nimefunga mlango maana wadogo zako walikuwa wanapiga kelele. Unasema koko, mzee wetu, anakohoa, umemnunulia antibiotiki, eritromisini, kwa yule kijana anayeuza dawa kwenye sinia pale Katuba, na mimi nisihangaike. Nahangaika. Nimeamua kuandika kwa sababu sauti unaisikiliza ukitembea, na hili nataka ulisome umekaa.

Usimpe. Kama ameshaanza, ya jioni iache, umpigie daktari wake wa moyo leo hii, na kesho asubuhi mwende kwake na paketi mkononi. Vidonge vyake vya moyo, dijoksini, navyo usivipunguze wala kuviongeza kwa akili yako. Daktari ndiye atakayesema.

Najua utanijibu kwamba wewe unasoma kemia chuoni na mimi ni muuguzi tu wa kituo cha afya cha huku Kadutu. Ni kweli. Matokeo yako ya mwaka jana nimeyaonyesha mpaka kwa mama anayetuuzia makala ya kupikia. Lakini kemia yenu inafanyika kwenye chupa safi, na tumbo la koko si chupa safi. Mwilini mwa mtu kuna bakteria karibu trilioni 38, wengi wao kwenye utumbo mpana, na dawa tunayomeza wao pia wanaionja.

Kuna mmoja anaitwa Eggerthella lenta. Akikutana na dijoksini anaigeuza kuwa kitu kisichousaidia moyo. Si kwa kila mtu: kwa mmoja hivi katika kumi, sehemu kubwa ya dawa inapotea namna hiyo. Wewe umekulia Kivu, barieri za barabarani unazijua. Kila mzigo unaopita, wenye kamba wanakata chao, na mwenye mali akishazoea anapakia zaidi ili kinachofika kitoshe. Sasa siku moja barieri inaondolewa bila yeye kuambiwa, mzigo wote unafika. Antibiotiki ndiyo inayoondoa barieri. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani walionyesha jambo hilo kwa watu wa aina hiyo: walipewa eritromisini au tetrasiklini kwa siku chache, na dijoksini ikapanda damuni, kwa wengine hadi mara mbili. Kidonge hakikubadilika, saa ya kumeza haikubadilika. Na dijoksini haina nafasi ya kucheza, kipimo kinachotibu na kinachodhuru vinakaa jirani kabisa, tena kwa mtu wa umri wa koko ambaye figo zake zimechoka. Hapo sijagusa kwamba eritromisini yenyewe inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Utaniuliza: koko ni katika hao mmoja kwa kumi? Nani amempima? Basi tunamhesabu yumo.

Kitu kilichonikosesha usingizi hukukitaja wewe kama tatizo. Ulisema, ukicheka, kwamba tangu juzi anakataa bukari, ugali wake, na kusukuma sahani. Furaha, kukosa hamu ya kula ndiyo dalili inayotangulia mara nyingi dijoksini ikizidi. Halafu kichefuchefu, kutapika, kuchanganyikiwa, wengine wanaona vitu vyote vina rangi ya njano. Muulize, bila kumtisha, kama taa anaiona kawaida. Kisha kaa karibu naye, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba (si kidole gumba chako, hicho kina mapigo yake), uhesabu dakika nzima ukitazama saa. Dakika nzima, si nusu ukazidisha, maana moyo wake unarukaruka. Yakiwa chini ya 60, kidonge cha siku hiyo asimeze mpaka umeongea na daktari. Akizimia au akitapika bila kukoma, usisubiri simu yangu.

Na usinielewe vibaya ukaanza kuwachukia hao bakteria, maana ninyi vijana mkisikia neno bakteria mnakimbilia sabuni. Sulfasalazini, dawa ya watu wenye vidonda vya utumbo mpana, haitibu mpaka bakteria waikate vipande viwili. Mwaka 2019 watafiti walijaribu dawa 271 za kumeza mbele ya bakteria 76 wa utumbo, na karibu theluthi mbili ya dawa hizo zilibadilishwa na angalau mmoja wao. Ndiyo maana wawili wanakunywa dawa moja, mmoja anapona na mwingine analalamika kwamba amepewa chaki.

Usianze kunikumbusha lile kopo la kapsuli lililokuwa juu ya kabati yetu. Zilikuwa nyakati nyingine, na ninyi mlikuwa mnaharisha wote kwa pamoja.

Chakula pia kinaingia humo. Maharagi, sombe, lengalenga, nyuzi zake sisi hatuzisagi, zinafika chini nzima, na bakteria wanazichachua wanatoa asidi ndogondogo. Moja, butireti, ndiyo inayolisha ukuta wa utumbo mpana wenyewe. Gesi anayoilalamikia koko ni moshi wa kazi hiyo, avumilie kidogo, na maharagi uyaloweke usiku na maji yale uyamwage. Lakini usimbadilishie chakula ghafla. Kwa panya waliolishwa protini nyingi, yule Eggerthella alipunguza kazi, dijoksini ikabaki nyingi damuni. Koko si panya, ila shangazi yako huko anapenda kumjaza nyama akidhani ndiyo heshima. Mwambie kwa adabu. Au niachie mimi, kwangu amezoea kukasirika.

Kama kikohozi kinahitaji antibiotiki, daktari atachagua akijua kuna dijoksini na kuna furosemide, ile ya kutoa maji mwilini. Lazima uvitaje vyote viwili, kwa sauti, hata akiwa na haraka. Akiharisha pia umwambie, kwa sababu potasiamu, chumvi ya mwilini inayopotea kwa kuharisha, ikishuka moyo unazidi kuisikia dijoksini.

Huku hatujambo. Mvua imeng'oa bati moja upande wa jikoni, papa yako anasema atapanda Jumamosi, nimemkataza, goti lake unalijua. Chance amefukuzwa shuleni siku mbili kwa ajili ya minerval, karo ya shule, nimelipa nusu. Sambaza, vile visamaki vya ziwani, nimezikausha vizuri safari hii, nitampa mama mmoja wa kanisani anayekuja Lubumbashi wiki ijayo. Ukizipokea usizifunge kwenye mfuko wa plastiki, zitaota ukungu. Za koko zitoe vichwa na usitie chumvi.

Neema anauliza kama uliondoka na viatu vyake vya kahawia. Anasema anajua ni wewe.

Ukimaliza kusoma nitumie picha ya ile paketi, kapsuli zote zikiwa ndani nizihesabu.

Mama yako