Taarifa ya Mwaka 2015 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Suala la Kituo cha Gesi cha Port Ambrose

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awaeleze wanachama kila mwaka mambo makubwa yaliyokigusa chama, na mwaka huu sina budi kutumia karibu taarifa yote kwa suala moja, nalo ni pendekezo la kampuni ya Liberty Natural Gas la kuweka kituo cha kupokelea gesi asilia ya kimiminika katika bahari iliyo mbele ya New York na New Jersey, tunakoishi. Hesabu za fedha, mfuko wa misiba na masomo ya Kiswahili ya watoto yatasomwa na mweka hazina na katibu.

Kituo hicho, kilichopewa jina la Port Ambrose, kingekaa takriban kilomita 30 kutoka ufuko wa Jones Beach, New York, na kilomita 46 hivi kutoka Long Branch, New Jersey. Kisingekuwa na jengo juu ya maji. Maboya mawili yangezamishwa baharini, na meli iliyobeba gesi iliyopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ingejifunga kwenye boya mojawapo, ikaipasha gesi hiyo joto humo humo melini mpaka irudi katika hali yake ya kawaida, kisha ikaisukuma kupitia bomba la chini ya bahari hadi kwenye bomba la Transco ambalo tayari linapeleka gesi New York. Waombaji walitaja futi za ujazo milioni 400 kwa siku, wakaeleza kwamba gesi hiyo ingetuliza bei zinazopanda wakati wa baridi kali. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa, kwa kuwa sote tunazikumbuka bili za mwanzoni mwa mwaka 2014, na wenzetu wanaofanya kazi za ujenzi walikuwa na haki ya kuuliza kuhusu ajira.

Kamati ilisikiliza pande zote mbili kabla ya kupendekeza kwamba chama kipinge mradi. Wengi mlizungumza juu ya hatari ya moto na ya mashambulizi, na baada ya kimbunga Sandy cha Oktoba 2012 hakuna anayeweza kuwalaumu wanaoiogopa bahari hii. Kwa upande wangu, jambo lililonishawishi zaidi lilikuwa jingine. Nchi hii ina gesi nyingi: Pennsylvania, jirani yetu, inachimba kwa wingi katika miamba ya Marcellus, na huko Sabine Pass, Louisiana, kituo kilichojengwa kwa ajili ya kuagiza gesi kilikuwa mwaka 2015 kinageuzwa ili kiisafirishe nje. Karibu na Gloucester, Massachusetts, kituo cha baharini cha Neptune, ambacho kazi yake ingekuwa kama ya Port Ambrose, kilikamilika mwaka 2010, na ilipofika 2013 wenyewe waliomba na kupewa ruhusa ya kukisimamisha kwa miaka mitano. Haikuwa rahisi kuamini kwamba mwekezaji angefanya tena jambo lile lile kwa ajili ya wiki chache za baridi. Tena, sheria ya bandari za bahari kuu ya mwaka 1974, iliyopanuliwa mwaka 2002 ili ihusu gesi asilia, ilirekebishwa mwaka 2012 ili iruhusu pia vituo vya kusafirisha gesi nje. Kampuni ilisisitiza kwamba haikuwa na nia hiyo, na kwamba jambo hilo lingehitaji maombi mapya. Hata hivyo, kamati iliona kwamba mlango umekwisha kufunguliwa.

Liko pia suala la mahali penyewe. Kituo kingeangukia ndani ya eneo ambalo New York Power Authority, shirika la umeme la jimbo la New York, iliomba mwaka 2011 kwa ajili ya mitambo ya umeme wa upepo, ya megawati 350 kwa kuanzia. Sehemu moja ya bahari haiwezi kubeba yote mawili kwa usalama, na kamati ilichagua upepo bila kusita.

Wanachama waliotoka Lindi na Mtwara waliliangalia jambo hili kwa jicho lao, kwa sababu kwao mjadala ni wa gesi inayotoka, na wanakumbuka machungu ya Mei 2013 pale wananchi wa Mtwara walipolikataa bomba la kwenda Dar es Salaam. Walichotufundisha ni kusoma masharti kabla ya ahadi, na ndiyo maana tulitumia jioni kadhaa kuipitia taarifa ya mwisho ya athari kwa mazingira iliyotolewa Oktoba, tukaandika maoni yetu, na baadhi yetu wakaenda kusema mbele ya maofisa katika kikao cha Eatontown, New Jersey, mwanzoni mwa Novemba.

Sheria niliyoitaja inampa gavana wa jimbo lililopakana na mradi uwezo wa kuukataa, lakini ndani ya siku 45 baada ya kikao cha mwisho, na akinyamaza huhesabiwa kuwa amekubali. Tarehe 12 Novemba Gavana Andrew Cuomo wa New York alitangaza kuukataa, akitaja usalama, hali mbaya ya hewa, shughuli za uvuvi na mpango wa umeme wa upepo. Nawashukuru kwa dhati wote walioandika na waliosafiri.

Naomba, hata hivyo, tusiache kufuatilia. Gavana Chris Christie wa New Jersey aliukataa mradi wa awali wa kampuni hiyo hiyo mwaka 2011, na mwaka uliofuata ikarudi na Port Ambrose. Kwa hiyo nawasilisha kwenu hoja kwamba kamati iruhusiwe kufuatilia maombi yoyote mapya pamoja na utaratibu wa serikali ya shirikisho wa kukodisha eneo la upepo, na iwe inawaletea taarifa kila robo mwaka. Kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina.

Mwenyekiti