Mhariri, mmeandika popo mkaisahau Paranoid

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limekaa kifuani muda mrefu. Mwimbaji Ozzy Osbourne wa Uingereza alipofariki tarehe 22 Julai 2025 ukurasa wenu wa burudani ulitoa habari fupi, aya nne, na tatu kati ya hizo ni ule mkasa wa kumng'ata popo kichwa jukwaani. Sawa, lilitokea, ilikuwa 1982 kule Des Moines Marekani, hakuna anayebisha. Lakini mtu kafa na miaka 76, bendi yake Black Sabbath ndo imeweka msingi wa muziki mzima wa hevi metali, ule wa magitaa mazito, na nyie hamkutaja hata albamu moja. Iliniuma sana, na iliniuma zaidi kwa sababu albamu moja ya hawa watu, Paranoid, ndo imenilea mimi.

Mwaka 1993 kaka yangu mkubwa alikuwa fundi redio hapa Tanga, Ngamiani, na mimi nikitoka shule nilikuwa namshikia tochi na kumpulizia vumbi kwenye mashine. Siku moja ikaletwa redio kaseti ya deki mbili, deki moja haizunguki, mwenyewe jamaa mrefu hivi, baharia, akalipa nusu akasema Ijumaa nakuja. Hakuja Ijumaa wala siku nyingine yoyote. Ndani ya deki mlikuwa na kanda ya dakika 90 imeandikwa kwa peni ya bluu PARANOID, basi, hamna picha hamna jina la bendi, upande wa pili taarabu imekatwa katikati ya wimbo.

Kaka akabadilisha belti akabonyeza ili ajaribu. Gitaa likaingia zito, polepole, nyuma yake king'ora kinalia. Huo wimbo ni War Pigs, karibu dakika nane, na kule mwishoni muziki unaanza kukimbia, unapanda unapanda kama mtu anaukokota kwa kamba. Kaka akazima haraka, akasema mota hii imekufa. Akafungua redio, akaangalia, mota nzima, akarudisha nyuma akapiga tena, ikakimbia palepale. Tukaendelea. Wimbo wa tatu ndo ukatumaliza kabisa maana sauti ilitoka kama mtu anaimba akiwa ndani ya mtungi wa maji, kaka akachukua pamba na spiriti akasafisha hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, vizuri, akapiga tena, bado yuko mtungini. Akakaa kimya kidogo afu akasema, "Dogo, hawa watu wamefanya makusudi." Tukakaa chini tukaisikiliza yote mpaka mwisho, mteja alikuja akasubiri mlangoni.

Mi hilo neno makusudi sijalisahau mpaka leo. Baada ya miaka mingi, intaneti ilipofika, nikasoma kwamba kaka alikuwa sahihi, ule mwisho wa War Pigs ni prodyuza Rodger Bain na injinia Tom Allom waliuharakisha kwenye utepe, na ile sauti ya mtungini kwenye Planet Caravan walimpitisha Ozzy kwenye spika ya Leslie, ile ya kinanda cha ogani yenye pembe ya sauti kama tarumbeta inazunguka ndani ya kabati. Albamu ilitoka Septemba 1970, Uingereza ikafika namba moja. Na ilikuwa iitwe War Pigs, ndo maana kwenye jalada kuna mtu ana upanga na ngao ambaye hahusiani kabisa na neno Paranoid. Wimbo wenyewe wa Paranoid waliutunga dakika za mwisho, haraka haraka kuziba nafasi maana nyimbo zilikuwa hazitoshi, kumbe ndo ukawa mkubwa kuliko zote.

Lakini kitu nachotaka wasomaji wako wajue hasa ni vidole vya Tony Iommi, mpiga gitaa wao. Hawa wanabendi wote wanne ni watoto wa Aston, Birmingham, mji wa viwanda, Ozzy mwenyewe alishawahi kufanya kazi machinjioni. Iommi alikuwa kiwanda cha mabati, ana miaka 17, siku yake ya mwisho kazini, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na yeye anapiga gitaa kwa kushoto, kwa hiyo huo wa kulia ndo mkono unaobana nyuzi, yaani kwa mpiga gitaa ni mwisho wa habari. Bosi wake pale kiwandani akamletea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, aliyekuwa akipiga gitaa kwa vidole viwili baada ya kuungua na moto, akamwambia sikiliza. Basi Iommi akachukua chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo akaiyeyusha, akaifinyanga kama kastabini, akaisugua mpaka ikaingia kidoleni, akabandika ngozi ya jaketi kuukuu juu yake isiteleze. Nyuzi za kawaida zikawa ngumu mno, akaweka za banjo maana ni nyembamba. Na kwa kuwa pale kwenye ncha hausikii uzi, akawa anapiga noti chache, nzito, anaziacha zikae.

Mi ni fundi, nimerithi meza ya kaka, najua vizuri kutengeneza kitu kwa kinachopatikana. Kila nikiisikia Iron Man ya albamu hiyohiyo, ile drami ya Bill Ward inayogonga peke yake kama hatua za mtu mzito afu gitaa linaingia, naiona ile chupa ya sabuni. Huo uzito watu wanauita kelele, wengine muziki wa shetani, umetoka kwenye karakana, kwa kijana aliyeumia akagoma kuacha kazi yake.

Na kuhusu shetani, kaeni msikilize maneno, mengi aliyaandika Geezer Butler mpiga besi. War Pigs inawalaani wakubwa wanaoanzisha vita wakiwa wamekaa vitini na kuwatuma maskini wakafe. Paranoid ni mtu aliyezama kwenye huzuni na hajui aanzie wapi kueleza, na sisi wanaume wa huku hilo tunalijua ila hatulisemi.

Hand of Doom ndo siwezi kuisikiliza mbele za watu. Inaanza na besi tu, taratibu, chini chini, afu inalipuka. Ni habari ya askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam na sindano. Utotoni nilikuwa naipenda kwa ile besi tu, Kiingereza sikuwa nakijua, nikaja kuyaelewa maneno sekondari nikiwa na kamusi pembeni. Miaka hiyo unga ulishaingia mitaa yetu, na rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja alishaanza kujidunga, alikuwa anakuja dukani kwa kaka anaomba mia mbili huku mikono ya shati kaivuta mpaka viganjani na jua lote lile la Tanga. Tulimzika 2001. Hakuna wimbo mwingine duniani ulioniambia ukweli wa lile shati, na uliandikwa kabla sijazaliwa.

Tarehe 5 Julai 2025 wale wanne walipiga pamoja mara ya mwisho, Villa Park, palepale Aston walikokulia. Niliangalia kwenye simu usiku, Ozzy amekaa kwenye kiti chake cha enzi cheusi, kusimama hawezi, wakaanza na War Pigs na uwanja mzima ukaimba naye. Siku 17 baadaye akafariki.

Mhariri, nakuomba mtu mmoja hapo ofisini aisikilize Paranoid kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ni kama dakika 42 tu, afu aandike upya.

Ile redio bado ninayo, deki zote mbili zinazunguka. Yule baharia kama yuko hai na anasoma hapa, aje aichukue, hata risiti haihitajiki, na nusu iliyobaki kaka alishaisamehe kabla hajafa. Kanda tu ndo nitamwomba aniachie.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga