Fentanili iko mbali, tramadoli iko hapa Kizota

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Siku hizi ukifungua simu ni fentanili, ile dawa kali ya maumivu inayotumika kama dawa ya kulevya, mara Marekani mara China, na watu huku wanasoma kama wanaangalia muvi vile, hayatuhusu. Mi nauza spea za maroli huku Kizota, barabara ya Singida, na nasema yanatuhusu ila sio kwa njia watu wanayodhani.

Fentanili haina shamba. Heroini inataka afyuni, na Taliban walipopiga marufuku afyuni 2022 mwaka uliofuata kilimo Afghanistan kikaporomoka kwa 95%. Fentanili inataka kemikali na mtu anayejua kupika basi, na ina nguvu kama mara 50 ya heroini kwa hiyo mzigo wa kujaza begi tu ni balaa. Ndo maana dunia ikaamua kubana malighafi. Kuna mkataba wa UN wa 1988 wenye orodha ya kemikali, 2017 wakaingiza mbili za fentanili, NPP na ANPP, wapishi wakahamia kwenye zingine, 2022 zikaingizwa tatu, wakahama tena, 2024 ikabidi waongeze 4-piperidoni na nduguye. China Mei 2019 ikafunga ukoo mzima wa fentanili kwa mpigo mmoja, wajanja wakaja na nitazini, ukoo mwingine wa dawa kali za kupikwa, na hizo zimeshaonekana mpaka kwenye kush, dawa ya kulevya ya kuvuta ya Sierra Leone, Afrika hii hii.

Kitu ninachokipenda kwenye huo mfumo ni swali moja. Kabla kemikali hazijapakiwa, nchi inayouza inaitaarifu nchi inayopokea kupitia INCB, bodi ya kimataifa ya kudhibiti dawa za kulevya kule Vienna, kwamba kuna mzigo unakuja kwa fulani, je mnamjua na anaenda kufanyia nini? Mkijibu hatumjui mzigo unazuiwa. Rahisi tu.

Sasa tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, haimo kwenye orodha yoyote ya kimataifa! Na sio kwamba wamesahau, wataalamu wa WHO wameijadili zaidi ya mara moja wakakataa, maana nchi maskini mofini yenyewe kuipata ni shughuli, ukibana na hii mgonjwa wa kansa anabaki analia usiku kucha. Hapo nawaunga mkono, na wanaotaka kila kitu kipigwe marufuku wakumbuke hata methadoni wanayopewa vijana wanaoacha heroini kwenye kliniki pale Itega ni ya jamii hiyo hiyo ya afyuni. Ila maana yake kila nchi ijilinde yenyewe. India Aprili 2018 waliiweka kwenye sheria yao ya dawa za kulevya. Sisi je?

Sisi unakuta utingo anafika dirishani kwenye duka la dawa, hata jina la dawa halitaji, ananyoosha vidole vinne, muuzaji anashika mkasi anakata vidonge vinne kwenye pakti, dogo anameza viwili hapo hapo na enaji drinki afu anapanda roli la mizigo kwenda Kongo. Cheti cha daktari hakijaulizwa, daftari halijafunguliwa. Dawa hiyo ukizidisha inaangusha mtu kifafa, na huyo ndo anayemwamsha dereva saa nane usiku huko milima ya Sekenke.

Ombi langu kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Baraza la Famasi: lile swali la Vienna liulizwe dirishani kwetu. Duka limepokea boksi ngapi za tramadoli kutoka kwa muuzaji wa jumla, na vyeti vilivyobaki dukani ni vingapi? Zisipolingana mwenye duka aeleze zilikoenda. Haihitaji mkataba mpya wala semina hotelini, inahitaji mkaguzi mwenye pikipiki na daftari, na aje jioni, sio saa nne asubuhi wakati kila mtu ameshapigiwa simu kwamba anakuja.

Msomaji wako,
Kizota, Dodoma