Shangazi, usingoje orodha

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia hapa, mbele ya watu, kwa sababu kila nikilianzisha jambo hili jikoni kwako unanikabidhi mbuzi nikune nazi, na mazungumzo yanaishia hapo. Tena najua Kwale hii ina mashangazi wengi wanaoambiwa maneno yale yale uliyoambiwa wewe. Nao wasome.

Baba amenieleza kwamba watu wa chama walikuja kwako wakakuomba uwakusanyie akina mama wa wadi nzima kwa ajili ya uchaguzi mkuu wa 2027, na wakakuahidi kuwa jina lako litaingia kwenye orodha ya viti vya kuteuliwa. Akaniambia umekubali. Hapo roho yangu ilikataa, maana nataka kiti cha wadi ukigombee wewe mwenyewe.

Orodha hiyo inafanya kazi hivi. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili ya bunge la kaunti. Wanawake wanaoshinda kwenye wadi ni wachache, kwa hiyo pengo huzibwa kwa viti maalumu baada ya uchaguzi, na viti hivyo hugawiwa vyama kulingana na wadi ambazo kila chama kimeshinda. Majina huandikwa na chama na kupelekwa IEBC, tume ya uchaguzi, kabla ya siku ya kura. Yaani utazunguka juani miezi kadhaa ukiwaombea wanaume kura, kisha nafasi yako itategemea nani amekuandika, na amekuandika wa ngapi. Ukiwa wa kwanza, huenda ukaingia. Ukiwa wa nane, watakupa pole na leso ya chama.

Sisemi viti hivyo havina faida. Naisula Lesuuda aliingia Seneti mwaka 2013 kwa kuteuliwa, na 2017 akaenda kwa watu wa Samburu Magharibi kuwaomba kura za ubunge, wakampa. Mishi Mboko alianza na kiti cha mwakilishi wa wanawake wa Mombasa mwaka 2013, kisha 2017 akawania eneobunge la Likoni akashinda, na 2022 akashinda tena. Kwao kile cha kwanza kilikuwa ngazi. Lakini wewe ngazi yako umeshaipanda bila kiti chochote, na mimi nimekuona ukiipanda.

Nilikuwepo siku ile ya kikao cha bajeti chini ya mwembe. Wanaume kwenye viti vya plastiki, nyinyi kwenye mikeka. Ulisimama ukauliza mbona jengo la akina mama kujifungulia pale zahanati limeandikwa kwenye makadirio miaka miwili mfululizo na hata msingi haujachimbwa. Yule afisa akafunua makaratasi yake mbele na nyuma. Mzee mmoja akasema wanawake waulize mambo ya chekechea, hayo makubwa wawaachie wenyewe. Ukamjibu kwa upole kwamba chekechea nayo ni ya kaunti, na utaiuliza ukimaliza zahanati. Kisha hukuketi mpaka ulipojibiwa.

Usiku ule sikulala vizuri. Zahanati, chekechea, maji, soko, barabara yetu ya vumbi, vyote hivyo viko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi uanze 2013, na wanaopitisha bajeti yake ni wawakilishi wadi. Wewe unaishika hazina ya kamati ya maji na hesabu unaibandika ukutani kila mwezi. Halafu unakwenda kumwombea kura mtu ambaye hajawahi kuuliza swali hata moja chini ya mwembe ule. Kwa nini?

Najua watakalokuambia kwanza. Watasema umezaliwa Kinango, umeolewa tu huku, nenda kagombee kwenu. Na ukienda Kinango watakuambia uliolewa, rudi kwa mumeo. Ndivyo wanawake wengi wanavyokoseshwa kwao. Sheria inataka uwe mpiga kura aliyesajiliwa. Haikuulizi kitovu chako kimezikwa wapi. Umeishi huku miaka thelathini na moja, watoto wako sita wote wamezaliwa huku. Hapa ni kwenu.

Pesa ni jambo gumu zaidi, nami sitaki kukudanganya. Watu wetu wamezoeshwa kuwa mkono mtupu haulambwi, na wapo watakaokusikiliza hadi mwisho kisha wanyooshe kiganja. Usijaribu kushindana na wapinzani wako kwa noti, hutawaweza. Una kitu ambacho wao hawana: nyumba ambazo ukibisha hodi usiku wa manane unafunguliwa, kwa kuwa uliwahi kuja usiku wa manane kuwazalisha na kuwazikia.

Chama kikikunyima tikiti kwenye mchujo, bado mlango upo. Mgombea huru wa wadi anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo, na awe ametoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kwa hiyo hilo tuliamue mapema, tusishtukizwe.

Mwaka 2013 Kenya haikuwa na gavana mwanamke hata mmoja. Mwaka 2017 wakawa watatu, na 2022 wakawa saba, mmoja wao Fatuma Achani wa hapa hapa kwetu, aliyekuwa naibu gavana kwa vipindi viwili. Huko juu njia imeanza kufunguka. Kwenye wadi ndiko kugumu: kati ya wadi 1,450 za nchi nzima, zilizochagua wanawake mwaka 2017 zilikuwa 96. Na wadi ndipo zahanati ilipo.

Baba hajakubali bado. Anaogopa matusi ya majukwaani yatamchafulia dada yake jina. Namwelewa, maana nami naogopa. Nimemwomba aje akwambie mwenyewe, uso kwa uso, nawe umjibu kama ulivyomjibu yule mzee.

Tunakuja Jumamosi. Nimenunua daftari. Ukurasa wa kwanza nimeandika vituo vyote vya kupigia kura vya wadi yetu, kwa sababu tarehe 10 Agosti 2027 kila kituo kitataka mtu wetu wa kukaa hadi kura ya mwisho ihesabiwe na Fomu 36A, ile ya matokeo ya wadi kituoni, ijazwe mbele ya macho yake. Kando ya kila kituo nimeacha nafasi ya jina. Anza kufikiria ni nani unaowaamini.